Anayeuliza Kama Mnapendana

Kila anayeomba viza ya mwenza hukutana na sharti moja lisilo na fomu maalumu: thibitisha kwamba ndoa yenu ni ya kweli. Cheti cha ndoa hakitoshi. Mume wangu ni Mwingereza, tulifunga ndoa Bukoba, na sasa nakusanya picha, tiketi za ndege na kurasa za mazungumzo yetu ya WhatsApp. Nimegundua kwamba huwa nachagua zile tamu. Siku tulizonuniana naziacha, ingawa huenda ndizo ushahidi bora kuliko zote, maana watu wanaoigiza ndoa hawakeshi wakigombana hadi saa nane usiku.

Wenzangu chuoni wanasema serikali haina haki ya kuuliza jambo hilo. Mapenzi ni ya wawili, wanasema, afisa anaingiaje? Mimi siwezi kukubaliana nao moja kwa moja, kwa sababu swali hilo nililisikia kwanza nyumbani Muleba, na halikuniudhi.

Posa ilipoletwa, wazee waliuliza mengi. Waliuliza ukoo wake, kazi yake, na kwa nini ametoka mbali hivyo kutafuta mke. Shangazi yangu alimtazama akamwuliza, "Mkwe, akiugua huko, nani atampikia uji?" Alipojibu kwamba atapika mwenyewe, shangazi akasema, "Haya. Siku ukishindwa, utuambie sisi, usimwambie jirani."

Nadhani tofauti yote imo katika sentensi hiyo ya mwisho. Wazee wanauliza kwa ukali kwa sababu wakishakubali, ndoa inakuwa yao pia. Mshenga aliyebeba maneno anaweza kuitwa hata baada ya miaka kumi aje asuluhishe. Waliopokea mahari watakaa kikao mambo yakiharibika. Afisa wa viza anauliza, anaamua, anafunga faili. Ndoa ikivunjika ugenini, yeye hayupo. Anayebaki njia panda ni yule ambaye kibali chake cha kuishi kilitegemea ndoa hiyo.

Kuna hoja nzito upande wa pili. Ndoa za kununua karatasi zipo, na wapo wasichana waliodanganywa kwa ahadi ya ndoa ya ng'ambo wakaishia kutumikishwa. Nchi isiyouliza chochote inawaachia hao walaghai njia nyeupe. Nakubali. Lakini basi swali lipime ukweli wa ndoa, lisipime mfuko. Mwaka 2012 Uingereza iliweka kipato cha chini cha pauni 18,600 kwa mwaka kwa raia anayetaka kumleta mwenza wake. Aprili 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi pauni 29,000. Mhudumu wa wazee na meneja wa benki wanaweza kuwa na ndoa za kweli sawasawa, ila mmoja ataambiwa asubiri.

Kabla hatujainyooshea kidole London, tujitazame. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kupitia ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haikumpa mlango huo. Yeye apite njia ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Kwa hiyo kaka yangu akioa ng'ambo ya Mutukula, ndoa yake ina uzito ambao yangu haina.

Sisi wa Kagera tuna kumbukumbu nzito zaidi. Julai 2013, Rais Kikwete akiwa ziarani mkoani kwetu, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwamo watu walioishi hapa miaka mingi, wenye wake, waume na watoto Watanzania. Hao ndoa zao zilijulikana na majirani wote. Hakuna aliyehitaji picha za harusi ili aamini. Bado nyumba ziligawanyika.

Kwa hiyo sidai tusiulizwe. Nadai kwamba anayeuliza abebe sehemu ya mzigo wa jibu: aeleze kwa maandishi sababu ya kukataa, awape wahusika nafasi ya kukata rufaa, awahesabu watoto kabla ya kutenganisha wazazi, na asimfukuze mwenza aliyekimbia kipigo kwa kisingizio kwamba ndoa imekwisha. Serikali haiwezi kuwa shangazi, na sitaki iwe. Ila ikitaka kuuliza maswali ya shangazi, ijue kwamba yeye, akishauliza, alibaki na namba ya simu ya mkwe wake, na huwa anapiga.