Nani Alimuua Mke wa Bwana X?

Mwaka juzi mama yangu mdogo alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, ila kidonda kiligoma kufunga. Wiki ya pili kikaanza kutoa usaha. Usaha ukapelekwa maabara kuoteshwa, na siku chache baadaye nikakabidhiwa karatasi yenye orodha ya dawa, kila dawa na herufi yake pembeni. S maana yake dawa inawaweza bakteria hao. R maana yake ni sugu. Nikaanza kusoma kutoka juu: R, R, R, R. S ya kwanza niliikuta karibu na mwisho wa ukurasa, na ilikuwa ya sindano ambayo bei yake ilitufanya tuitishe kikao cha ukoo.

Daktari, kijana wa rika langu, aliuliza bila ukali wowote: "Nyumbani alikuwa anatumia dawa gani?"

Hakuna aliyejibu. Mjomba aliniangalia mimi. Ni mimi niliyekuwa nikimnunulia mama mdogo vidonge vya rangi mbili kila alipolalamika kifua au tumbo: mara vinne, mara sita, kutegemea chenji iliyokuwa mfukoni. Muuza duka ananijua kwa jina na hajawahi kuniuliza cheti. Nilikuwa najiona mtoto mwema kuliko wote.

Tangu siku hiyo nimebaki na swali moja: hivi ni mimi?

Nilipoanza kusoma ili nipate jibu, nikakutana na mojawapo ya hadithi fupi kabisa nilizowahi kusoma kuhusu hatia. Msimulizi wake si mwanafasihi. Ni Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, na aliisimulia Desemba 1945 kule Stockholm, kwenye mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel. Kwa ufupi ni hivi. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini na kujitibu mwenyewe, lakini anatumia kidogo, kiasi cha kuwafundisha bakteria badala ya kuwaua. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Fleming anauliza nani hasa wa kulaumiwa, kisha anajijibu: Bwana X. Na kama bibi anavyomalizia ngano, anatoa funzo: ukitumia penisilini, tumia ya kutosha.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta. Nilikuwa nimeshahukumiwa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Ila sisi wasomaji wa hadithi tuna tabia mbaya, hatuachi kuuliza msimulizi kaacha nini. Katika hadithi ya Fleming kuna nyumba moja na watu wawili. Muuza dawa hayumo. Hospitali haimo, wala mikono ya wanaomhudumia mgonjwa. Mke hana jina wala hasemi neno. Tendo moja linazaa kifo kimoja kwa mstari ulionyooka, na mstari ukinyooka namna hiyo lazima umfikie mtu. Tena kuna kejeli ndani yake: streptokokasi wa kundi A, wale bakteria mashuhuri wa maumivu ya koo, wanauawa na penisilini mpaka leo. Mhalifu wa kweli alikuwa mwingine.

Aliyemfuatilia mhalifu huyo ni mwanamikrobiolojia aitwaye Mary Barber. Katika hospitali ya Hammersmith, London, alichukua bakteria aina ya stafilokokasi kutoka kwa wagonjwa, akawaotesha na kuwapima mmoja baada ya mwingine kwa penisilini. Mwaka 1946 waliokuwa sugu walikuwa kama asilimia 14. Mwaka 1947 wakafika 38. Mwaka 1948, asilimia 59. Miaka mitatu tu, dawa iliyoitwa muujiza ikawa haina nguvu kwa zaidi ya nusu yao.

Jambo lililonishtua zaidi ni maelezo yake. Barber hakuona kwamba bakteria wapole wanageuka sugu ndani ya mgonjwa mzembe. Aliona kwamba bakteria sugu walikuwepo tangu mwanzo, wachache, wakiwa na kimeng'enya kinachovunja penisilini. Dawa ilipowafagia wale dhaifu, wachache hao wakabaki na uwanja mtupu, kisha wakasambaa kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine humo humo hospitalini. Stafilokokasi hukaa puani mwa watu wazima kabisa wa afya, hupanda mikononi, huhamia kwenye vidonda. Yaani hata kama kila mgonjwa angemeza dozi yake sawasawa, tarakimu zile zingeweza kupanda tu.

Mwaka 1959 Waingereza wakaleta dawa mpya, methisilini, iliyotengenezwa mahsusi kuwashinda sugu hao. Mwaka 1961 ikaripotiwa huko huko Uingereza kwamba stafilokokasi sugu kwa methisilini wameshapatikana.

Hapa ndipo maadili yetu ya kawaida yanapokwama. Tumezoea kwamba penye madhara pana mkono. Mahakama inataka mtuhumiwa, tendo, na kamba inayoviunganisha. Kwenye usugu wa dawa, kamba hiyo imesambaa kama wavu. Kwenye wodi yetu, kitanda cha pili alikuwa binti aliyejifungua kwa upasuaji. Siku chache kabla hatujaruhusiwa, kidonda chake nacho kilianza kutoa usaha. Akahamishwa, na sikuwahi kujua mwisho wake. Je, bakteria walitoka kwa mama mdogo? Walimfika mama mdogo kutoka kwa nani? Vile vidonge vyangu vilichangia, au wodi ilikuwa nao tangu zamani? Hakuna maabara itakayonijibu leo.

Basi mtu anaweza kuchukua njia moja kati ya mbili rahisi. Ya kwanza ni ya Fleming: mlaumu mgonjwa, bandika bango la "Maliza dozi" ukutani, nenda nyumbani. Dozi uliyoandikiwa na daktari ifuate, sina ugomvi na hilo. Ila yule mama anayenunua vidonge vinne kwa kuwa hela inatosha vinne, tunamwita mzembe kwa haki gani? Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, na kwa uwiano wa watu hali ilikuwa mbaya zaidi Afrika iliyo kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi. Ni sehemu ya dunia ambako wengi bado wanakufa kwa kukosa hata hiyo dawa ya kawaida.

Njia ya pili ni ya kunawa mikono kwa maana mbaya: kwa kuwa kosa ni la wote, si la yeyote. Hii nilivutiwa nayo sana, nakiri. Ilikuwa inanipa usingizi.

Aliyeniondoa hapo ni Barber yuleyule. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na wenzake waliweka utaratibu mpya Hammersmith. Penisilini ikabanwa, isitolewe ovyo. Antibayotiki zikawa zinatumika kwa pamoja badala ya mojamoja. Maambukizi ya mgonjwa kwa mgonjwa yakadhibitiwa kwa bidii. Mwaka 1960 wakachapisha matokeo: kiwango cha stafilokokasi sugu kilikuwa kimeshuka. Kilishuka kwa sababu hospitali nzima ilikubali kujinyima pamoja, na hesabu iliwekwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Penisilini ilikuwa mali ya wote, na Barber ndiye aliyeiwekea daftari.

Angalia ambacho utaratibu huo haukuhitaji. Haukusubiri kwanza apatikane Bwana X. Hakuna muuguzi aliyelazimika kukiri kwamba ni yeye aliyembeba bakteria puani ndipo anawe mikono.

Na sisi jambo hili tunalijua, ila tunalijua mahali pengine. Ukienda msibani, daftari la michango linapita. Unatoa ulichonacho, jirani anatoa zaidi, mwingine anatoa nguvu ya kuchota maji. Hakuna anayesema, "Mimi sikumuua marehemu, nichange kwa nini?" Tena hakuna anayemtaka fukara atoe sawa na mwenye gari. Wajibu unagawanywa kwa uwezo, wala hautokani na hatia. Nadhani usugu wa dawa ni msiba wa aina hiyo. Mwenye hospitali ana fungu lake: maji bombani, maabara inayofanya kazi. Mwenye duka ana fungu lake. Serikali ina fungu kubwa kuliko wote, maana bila vipimo vya bei nafuu daktari naye anabahatisha tu. Na mimi mwenye chenji mfukoni nina langu.

Mama mdogo alipona. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mwanangu, kifua kinabana, pitia pale dukani uniletee vile vya rangi mbili." Nikamwambia nitampeleka akapimwe. Akanyamaza, kisha akasema nimekuwa bahili siku hizi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hakuna methali inayotuandaa kumnyima mzazi. Asubuhi yake tulikaa kwenye benchi la zahanati saa tatu nzima, hasemi na mimi. Vipimo vilionyesha hahitaji antibiotiki yoyote.

Njiani kurudi nilimfikiria yule binti wa kitanda cha pili. Kama yupo hai, hatanijua kamwe, wala hatajua kwamba kuna vidonge sita ambavyo siku hiyo havikununuliwa.