Kizuizi cha Dari



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 na aya ya 8, Waisraeli waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake kizuizi, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Dari zao zilikuwa bapa, nao walipanda huko kupunga upepo. Sisi wa Nyalikungu hatukai juu ya bati, lingetuchoma! Lakini tuangalie jambo moja: mwenye nyumba hakuambiwa aombe tu ili wageni wasianguke. Aliambiwa ajenge.

Kwetu watu huangushwa na malaria, na waangukao zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wajawazito. Mama akiugua, mtoto aliye tumboni hunyimwa chakula akazaliwa na uzito mdogo. Basi na tumjue adui huyu.

Aumaye ni mbu jike, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa utomvu mtamu wa mimea tu. Jike hutufuata kwa pumzi tunayotoa, kwa joto la mwili na kwa harufu ya jasho. Wale waenezao malaria huuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri. Mbu hazaliwi na vijidudu vya malaria: huvipata kwa kumwuma mtu aliye navyo, na baada ya siku kama 10 hadi 14 aweza kumwambukiza mwingine. Kwa hiyo mgonjwa asiyetibiwa ni hatari kwa jirani yake pia.

Haya yalianza kujulikana tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alipoona vijidudu hivyo tumboni mwa mbu huko Secunderabad, India. Kabla ya hapo wasomi wa Ulaya walilaumu hewa ya mabwawa. Neno malaria lenyewe latoka katika Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Tusiwacheke basi wazee waliosema degedege ni kazi ya pepo. Lakini sasa tunajua, na ajuaye hana udhuru. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa ya mseto mpaka imalizike. Mwenye degedege asicheleweshwe hata saa moja.

Tena mbu huyu hahitaji ziwa. Maji ya mvua yaliyotuama katika alama ya kwato za ng'ombe yamtosha, na katika nchi yetu ya mifugo alama hizo ni nyingi mno. Shimo la kufyatulia tofali pia ni shamba lake, na majaruba ya mpunga vilevile. Hatuwezi kufukia kila kwato, ila shimo la tofali karibu na nyumba tunaweza, nalo ni letu wenyewe.

Kizuizi chetu cha dari ni chandarua chenye dawa. Kitundikwe kila usiku, hata kiangazi, na pindo zake zichomekwe chini ya godoro au mkeka. Kikichafuka kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwa maana jua kali huharibu dawa. Tunasema kwa huzuni kwamba twaona vyandarua vikizungushiwa bustani za mchicha na vifaranga. Kuku wamelindwa, watoto wanaumwa.

Wako wasemao, "Mungu ndiye mlinzi wangu, chandarua cha nini?" Bwana Yesu aliposimamishwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa kumjaribu Mungu. Alalaye bila chandarua huku anacho sandukuni, tunaona anakaribia kinara kile.

Limebaki jambo la misiba. Desturi yetu ya kulala nje na wafiwa ni njema, wala hatusemi iachwe. Lakini usiku ule watoto hulala mkekani uwanjani pasipo kitu juu yao, nasi wazima twafunikwa na mablanketi tukiimba. Mikesha ya maombi ni vivyo hivyo. Tunawaomba wazee wa kanisa na akina mama wa kila mtaa wapangapo kuni, maji na sufuria za msiba, wapange pia kamba na vyandarua, na chumba kimoja kitengwe kwa watoto na wajawazito. Kila mama ajaye na mtoto mgongoni aje na chandarua chake katika kikapu. Vijana wafunge kamba kabla jua halijatua, maana giza likiingia kila mtu ana kazi nyingine.