Nani Kaanza?

Watoto wawili wakishikana mashati uwanjani, mtu mzima anayewaachanisha huuliza: nani kaanza? Jibu la maana haliji. Huyu anasema kasukumwa. Yule anasema alisukuma kwa sababu katukanwa. Aliyetukana naye anakumbuka kalamu yake iliyochukuliwa juzi. Mtu mzima akichoka huwachapa wote wawili na kwenda zake, na mwenye haki anabaki na maumivu yaleyale ya asiye na haki.

Vitabu vya shule havina shida hiyo. Ndani yake Vita vya Pili vya Dunia vina siku ya kuzaliwa: tarehe 1 Septemba 1939, majeshi ya Ujerumani yalipovuka mpaka na kuingia Poland. Siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita. Vikaenea, mwaka 1942 na 1943 vikageuka, mwaka 1945 vikaisha. Mwanafunzi anaandika hivyo, anapata alama zake, anafunga daftari. Lakini ile tarehe ya kwanza ni zaidi ya taarifa. Ni hukumu. Anayechagua siku ya kuanza kuhesabu vita anachagua pia vifo vya nani viingie kwenye hesabu, na nani aruhusiwe kusema kwamba hakuwapo.

Turudi nyuma miaka minne. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea na kuingia Ethiopia, bila tangazo lolote la vita. Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoundwa baada ya Vita vya Kwanza kwa ahadi kwamba atakayemshambulia mmoja atahesabiwa kuwa amewashambulia wote. Italia ilikuwa imeridhia mkataba wa Geneva wa 1925 uliokataza gesi ya sumu vitani, kisha ikaimwaga gesi hiyo kutoka angani. Shirikisho likalaani na kuweka vikwazo, lakini mafuta hayakutiwa kwenye orodha, na Mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli zilizobeba askari wa Italia. Addis Ababa ikatekwa tarehe 5 Mei 1936. Mwisho wa Juni, Haile Selassie alisimama mbele ya wajumbe huko Geneva akawaonya kwamba jambo lililokuwa mbele yao lilikuwa kubwa kuliko Ethiopia. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa mataifa makubwa ya wakati ule, aliyekuwa ananyolewa hakuhesabika kuwa mwenzao. Hitler alilisoma hilo vizuri. Machi 1936, Geneva ikiwa bado inavutana kuhusu Ethiopia, alipeleka askari Rhineland, eneo ambalo mikataba ililikataza jeshi la Ujerumani kulikanyaga. Hakuna aliyemzuia.

Kwa nini basi hatusemi kwamba vita vilianza 1935? Jibu la kawaida ni kwamba vile vilikuwa vita vya kikoloni, na vita vya kikoloni vina daftari lao. Wanaokufa humo wanaandikwa kwa kalamu nyingine. Mabomu yaleyale na hoja ileile ya taifa kubwa kudai haki ya kupanuka vilipofika Warsaw, vikaitwa vita vya dunia. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Ethiopia haiko peke yake. Mchina anaweza kukuambia kwamba vita vilianza tarehe 7 Julai 1937, kwenye daraja la Marco Polo karibu na Beijing, na kwamba Poland iliposhambuliwa yeye alikuwa na miaka miwili ndani ya moto. Mwaka 2017 serikali ya China iliagiza vitabu vya shule viache kusema vita vya miaka minane dhidi ya Japani na viseme vya miaka kumi na minne, kuanzia uvamizi wa Manchuria wa 1931. Nchini Urusi, Vita Kuu ya Kizalendo huanza tarehe 22 Juni 1941, Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti. Tarehe hiyo inawaheshimu mamilioni waliokufa, lakini pia inaiacha nje ya hesabu tarehe 17 Septemba 1939, Stalin alipotuma jeshi lake kuchukua nusu ya Poland kwa makubaliano na Hitler huyohuyo. Kwa Mmarekani wa kawaida kila kitu kinaanzia Pearl Harbor, Desemba 1941. Kila taifa limeweka mwanzo pale lilipoumizwa, au pale ambapo dhambi yake haionekani.

Hapa kuna pingamizi la kweli, na halifai kupuuzwa. Tukiruhusu mwanzo urudi nyuma kila tunapopenda, utarudi mpaka lini? Wapo watakaosema kiini ni mkataba wa Versailles wa 1919 ulioifedhehesha Ujerumani. Wengine watafika mkutano wa Berlin wa 1884 na mataifa kugawana mabara. Kila chanzo kina chanzo chake, na mwishoni hatia inakuwa kama chumvi iliyotupwa baharini: ipo, lakini hakuna anayeionja. Hitler mwenyewe angefurahia hesabu ya namna hiyo. Alipanda madarakani kwa kuwaambia Wajerumani kwamba wao ndio waliotendewa kwanza.

Nadhani njia ya kutoka ni kutenganisha chanzo na uamuzi. Chanzo ni hali: umaskini, fedheha, uchu, woga. Uamuzi ni wa mtu mwenye jina, siku fulani, akiwa na kalamu mkononi na uwezo wa kuiweka chini. Versailles haikuvuka mpaka wa Poland. Kukubali kwamba vita vilikuwa na mianzo mingi hakupunguzi hatia ya yeyote. Kunaongeza idadi ya watu wanaopaswa kujibu. Aliyeamuru gesi anajibu kwa gesi. Aliyeacha mafuta yaende anajibu kwa mafuta.

Na wavamizi wenyewe wanajua kwamba swali la nani kaanza lina uzito, ndiyo maana walihangaika sana kulichafua. Mwaka 1931 maofisa wa Kijapani walilipua reli karibu na Mukden, wakawasingizia Wachina, kisha wakaiteka Manchuria kana kwamba wanajihami. Desemba 1934 yalitokea mapigano kwenye visima vya Walwal, ndani ya ardhi ya Ethiopia, na Italia iliyokuwa imejenga ngome pale ikadai kuombwa radhi na kulipwa fidia. Usiku wa 31 Agosti 1939 watu wa SS walijifanya Wapolandi na kuvamia kituo cha redio cha Gleiwitz, ndani ya Ujerumani, ili asubuhi Hitler aseme anajibu mapigo. Mara tatu mshambulizi alijitangaza kuwa mjibuji. Mtu hapotezi nguvu kughushi jibu la swali lisilo na maana.

Neno la pili linalotupumbaza ni kuenea. Tunasema vita vilienea, kama moto wa nyika au kipindupindu, kana kwamba havikuhitaji mikono. Lakini vilibebwa kwa saini. Septemba 1939 Wahindi waliingizwa vitani kwa tangazo la mtawala wa Kiingereza ambaye hakuwauliza viongozi wao. Tanganyika, Kenya na Uganda nazo ziliingia kwa sababu London imeingia. Kijana wa Machakos au Songea aliyevalishwa sare ya King's African Rifles hakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Berlin. Wengine walijiandikisha kwa ajili ya mshahara, wengine kwa kutaka kuona dunia, wengine kwa shinikizo la machifu. Tukisema vita vilimfikia, tunamficha aliyevituma.

Na vilipofika kwetu vilikuja na kejeli. Mapema 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, Waafrika wengi ndani yake, yaliingia Somalia na kupanda hadi Addis Ababa kuwaondoa Waitalia walewale walioachiwa mfereji. Haile Selassie aliingia tena mji wake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu ulipotekwa. Kwa Waethiopia wengi huo ndio uliokuwa mwisho. Kwa kalenda ya Wamarekani, vita vilikuwa havijaanza.

Limebaki neno la tatu: kugeuka. Midway, El Alamein, Stalingrad. Wanahistoria wana haki ya kusema kwamba baada ya Wajerumani kusalimu amri Stalingrad, Februari 1943, ilikuwa vigumu kwa Hitler kushinda. Lakini ramani ikigeuka si lazima maisha nayo yageuke. Mwaka huohuo wa ushindi Bengal ilikumbwa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3. Mchele wa Burma ulikuwa umekatika baada ya Japani kuiteka nchi hiyo, na serikali ya kikoloni ilitanguliza mahitaji ya jeshi. Kwa mama wa Bengal, 1943 ndiyo vita vyenyewe.

Au chukua tarehe 12 Februari 1944, mwaka mzima baada ya Stalingrad. Meli ya Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakielekea mapambano ya Burma, pamoja na wauguzi wa kike. Nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama ndani ya dakika chache. Waliowahi kuruka walikuwa bado wanaelea majini wakati manowari za Kiingereza zilizolinda msafara ziliporusha mabomu ya kuzamia hapohapo, kwa kuwa nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Waliokufa siku hiyo ni 1,297. Hoja ya waliotoa amri inaeleweka: nyambizi ikiachwa ingezamisha meli nyingine zilizojaa watu. Huenda walikuwa sahihi. Lakini mtu aliyepigania pumzi juu ya maji yale, labda akiita kwa Kiswahili, angekuambia nini kuhusu vita vilivyokwisha kugeuka?

Haya si mambo ya vitabu vya zamani tu. Japani haikuiita vita ile ya 1937, iliiita tukio. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 ilisema ni operesheni maalumu ya kijeshi. Muulize mtu wa Goma, anayezungumza lugha hii unayoisoma, vita vyake vilianza lini. Anaweza kutaja 1996, au 1998, au mji ulipotekwa mwaka 2012, au ulipotekwa tena Januari 2025. Magazeti ya mbali yataendelea kuandika mgogoro, mpaka siku utakapomgusa mtu ambaye kilio chake kinasikika. Hapo ndipo watakapoandika kwamba vita vimeanza.

Sidai tufute 1939. Yaliyowapata Wapolandi, na Wayahudi wa Ulaya nzima, hayahitaji kupunguzwa ili ya wengine yaonekane. Ninachodai ni kidogo: tunapopewa tarehe ya kuanza kwa vita, tuulize siku iliyotangulia nani alikuwa tayari amekufa, nani aliyajua hayo, na aliyaita kwa jina gani. Wajumbe wa Geneva walikuwa na majibu yote matatu mezani kwao mwaka 1936. Waliyapigia kura, wakaondoa vikwazo, wakafunga kikao.