HAJIRI ALIITWA KWA JINA

Andiko: Mwanzo 16:1–14 na 21:9–21

Nani hapa Migosi hana mtu Saudia? Tembea kutoka hapa mpaka Kondele uhesabu ploti ambazo mama wa watoto yuko Riyadh, Jeddah ama Dammam kwa kazi ya nyumba, na watoto wako kwa dani. Siku ya Jumapili tunawaombea dakika moja, tunawaita "walio ng'ambo", halafu tunaingia matangazo. Leo tukae nao kidogo.

Wengi tukisikia Hajiri tunafikiria wanawake wawili wakigombania mume. Soma tena polepole. Hajiri ni Mmisri, yuko ugenini kwa nyumba ya mtu, na mambo ya mwili wake na mtoto wake yanaamuliwa na wenye nyumba. Sarai akimtaja anasema mjakazi. Abramu akijibu, mjakazi. Hakuna hata mmoja wao anayemwita kwa jina. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, pale penye chemchemi katika njia ya Shuri, akamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Mgeni akiulizwa hivyo anajua ameonekana. Ndiyo maana Hajiri akampa Bwana jina la Mungu anayeona.

Huko dada zetu wanaitwa shagala, ama kadama. Si kila anayetumia neno hilo anatukana, lakini hebu fikiria mkataba wa miaka miwili ukiitwa kwa kazi yako tu. Na katika hali hiyo wanajifunza kuishi. Wanaanza na Kiarabu cha jikoni kabla hawajajua cha salamu, na Kiswahili kinawasaidia kuliko walivyotarajia, kwa sababu sukari, sahani na sabuni zinaeleweka kule. Wanajifunza kupika kabsa wakitamani omena na osuga. Ramadhani ikifika usiku unageuka mchana, jikoni hakulali mpaka daku. Hakuna kanisa la kuingia hadharani, na Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu. Saa zetu na za Riyadh ni sawasawa, kwa hiyo saa nne tukisimama kusifu hapa, yeye yuko hapo hapo saa nne na kitambaa mkononi. Wengine wanaweka simu mfukoni na waya sikioni wanafuata ibada. Wengine simu imeshikwa na madam.

Sasa kuna mstari mgumu. Malaika alimwambia Hajiri arudi kwa bibi yake. Nimesikia mstari huo ukitumiwa kumwambia binti anayeteswa avumilie, na nataka niwe wazi: msiutumie hivyo. Hajiri alirudi na ahadi iliyotoka kinywani mwa Mungu, si kwa ushauri wa shangazi anayengoja M-Pesa. Na ukifika sura ya 21, akiwa nje mara ya pili, Mungu hamrudishi. Anamwonyesha kisima huko huko jangwani. Kwa hiyo binti akikupigia kwamba anapigwa, ananyimwa chakula, ama anashikwa vibaya, usimtumie andiko la uvumilivu. Mwambie atafute njia ya kufikia ubalozi wetu Riyadh, na wewe huku mfuate ajenti aliyempeleka, tena kwa maandishi. Mjue pia kwamba chini ya kafala ukaaji wake umefungwa kwa mwajiri. Mabadiliko ya Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi Saudia kubadilisha mwajiri bila idhini yake, lakini wa nyumbani waliachwa nje.

Wafilipino walianza safari hii mbele yetu, na walijifunza kwa uchungu. Flor Contemplacion, mama aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani, alinyongwa Singapore Machi 1995. Nchi yake ikawaka hasira, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa ng'ambo. Kule hauondoki kabla ya kukaa semina. Sisi hapa kanisani hatutungi sheria, lakini semina ya siku moja kwa binti anayeondoka inatushinda nini? Tumsomee mkataba. Tuangalie kama ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tumwachie nakala ya pasipoti mtu wa kuaminika.

Mnivumilie kidogo kwa hesabu, mimi nilisoma biashara kabla ya madhabahu. Mshahara unaozungumzwa sana ni riyali 900, kama shilingi elfu thelathini. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 5, na ndani yake kuna jasho la hawa kina mama. Lakini nyumba nyingi zinatumia elfu hizo thelathini kama laki tatu. Mjomba anataka pikipiki, binamu ana harusi, na paa la boma haliishi kuezekwa. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni. Dani apewe fungu lake bila kuomba, maana kulea wajukuu wanne ukiwa na miaka sitini na tano ni kazi. Na kabla ya yote hayo, kitu kiingie Sacco kwa jina la huyo mama mwenyewe. Siku akirudi asikute ploti ina jina la shemeji.

Sura ya 21 inasema maji yalipoisha Hajiri alimweka kijana chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali kama mshale unavyorushwa, akalia. Angalia vizuri: mama ndiye tunayeambiwa alilia, lakini Mungu alisikia sauti ya kijana, pale pale alipokuwa amelala. Mama uliye Dammam, umbali wako si wa mshale, ni wa ndege. Mtoto wako akilia usiku hapa Migosi, Mungu hahitaji wewe uwepo ndipo amsikie.

Na wapo waliozalia huko, wakabaki na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, wakashindwa kusafiri naye. Akifika siku moja na mtoto mgongoni, tusiulize baba ni nani kabla hatujauliza amekula nini. Ishmaeli naye alikuwa na hadithi ya kusemwa kisimani, na Mungu alikuwa pamoja naye akakua.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, dani, shangazi na kina baba wanaolea watoto wa walio ng'ambo wabaki ukumbini. Njoo na jina la mama, jina la kila mtoto na shule yake. Tutayaandika kwa kitabu, na kuanzia wiki hiyo yatasomwa katika maombi, jina kwa jina.