Kijana Aliyekwenda Kutazama Kuta

Palikuwa na kijana wa Dar es Salaam aliyependa ngome za kale. Alikwisha kuiona Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aliiona Ngome Kongwe ya Unguja, na Gereza la Kilwa Kisiwani lililoliwa na bahari upande mmoja. Safari zote hizo alizifanya peke yake, za mwisho wa juma, na alikuwa na kanuni aliyojivunia: haulizi wenyeji, hachukui mwongozaji, haagi anakokwenda. Kuaga, kwake, kulikuwa sawa na kuomba ruhusa.

Pwani kanuni hiyo haikumdhuru. Anayepotea Mji Mkongwe hupita vichochoro viwili vitatu akatokea sokoni au baharini. Lakini Aprili moja alipanda basi la Arusha, kwa kuwa alisikia huko nako kuna ngome.

Jumamosi asubuhi alikuwa Boma, ngome ya Wajerumani, mwisho wa juu wa barabara inayoanzia kwenye Mnara wa Saa. Jengo ni jeupe, lina ua katikati, na tangu 1987 ni makumbusho ya taifa ya elimu viumbe. Mzee mmoja aliyekuwa getini alimkaribisha: "Karibu mwanangu, nikutembeze kidogo."

"Asante mzee, natazama tu."

Akapiga picha za kuta, akazunguka ua, akatoka kabla chai ya saa nne haijapoa mjini.

Hapa sina budi kusimama, maana ukuta ule una mengi na yote yalimpita. Oktoba 1896, huko Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa muda mfupi tu baada ya kufika. Kapteni Kurt Johannes, Mjerumani, akatoka Moshi na askari pamoja na wapiganaji wa Kichagga kuja kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha. Watu waliuawa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha. Na ni katika miezi hiyohiyo Boma la Arusha lilipokuwa likiinuka, wajenzi wake wakiwa Waarusha na Wameru waliosukumwa kazini kwa nguvu. Watu waliotoka kufiwa ndio waliojenga nyumba ya waliowaulia ndugu zao. Hayo yote mtu hayaoni kwenye chokaa. Anayaona akisimuliwa, na msimuliaji alikuwa pale getini, ameshanyoosha mkono.

Kosa la Jumamosi lilimkosesha habari tu. La Jumapili lilikuwa zito zaidi.

Aliondoka kwenye nyumba ya wageni bila kumwambia mtu anakokwenda. Kifodi kilimfikisha Usa River, na hapo akapata gari la Ngare Nanyuki. Barabara hiyo hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na abiria, wakiwa wameketi vitini, huwaona twiga na nyati. Kijana aliona, akafurahi, na hakujiuliza nyati wale hulala wapi usiku. Alikuwa na hamu ya Momella. Alisoma kwamba Mjerumani Margarete Trappe, mwindaji mashuhuri, aliishi huko enzi za ukoloni, na kwamba ndiko ilikochezwa filamu ya Hatari! ya mwaka 1962. Ramani ya simu ilimwonyesha jengo la kale la walowezi na kijia cha mkato cha kulifikia.

Ngare Nanyuki alikula loshoro kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Mama alimtazama viatu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Huko juu kidogo, mama. Kuna jengo nataka kuliona."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Saa hizi wingu linashuka. Na nyati wanashuka nalo. Ngoja nimwite kijana wangu akusindikize."

"Usijali mama, nina ramani."

Ndani ya hifadhi hakuna anayeruhusiwa kutembea kwa miguu bila askari mwenye bunduki, na wapo wanaodhani ni njia ya kuwatoza wageni fedha. Sivyo. Nyati dume aliyezeeka, aliyeachana na kundi, hujilaza vichakani peke yake na hamkimbii mtu, humngoja. Nyati huyo hajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Ramani ya simu nayo haijui kama jana mvua ilinyesha, wala kama kijia kilichochorwa miaka mitano iliyopita kimekwisha kuwa korongo.

Saa kumi na moja ukungu ulifunika kila kitu. Kijia kiliishia kwenye maji mekundu yaendayo kasi. Kijana akapanda ng'ambo nyingine, akazunguka, akapotea. Simu ikazima chaji. Huku kwetu jua halichelewi kuaga: saa moja giza lilikuwa kamili, na baridi ya mlimani ikaanza. Akasikia pumzi nzito karibu, majani yakivunjika. Akaparamia mti. Tawi likakatika, akaanguka, na kifundo cha mguu kikageuka. Mnyama, kwa rehema za Mungu, alikimbilia upande mwingine. Kijana akalala hapo chini hadi alfajiri, mvua ikimnyea. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mjini hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa hakuna aliyejua ametoka.

Aliyemwokoa ni yule mama. Gari la mwisho la kurudi Usa River lilipoondoka bila kijana yule, alifunga mgahawa akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usiku haikuwezekana kumfuata. Kulipokucha vijana wa kijiji walipanda na mbwa, wakamkuta, wakambeba hadi nyumba ya jirani kungoja gari la hospitali.

Nyumba ilikuwa ya mzee wa zaidi ya miaka themanini. Alimpa chai, akauliza alitafuta nini kule. Kijana akamwambia: jengo la walowezi.

"Walowezi walipewa ardhi yetu hii hii," alisema mzee. "Novemba 1951 serikali ya Waingereza ilikuja na askari. Watu karibu elfu tatu walitolewa, nyumba zikachomwa. Nilikuwa mtoto. Tukapelekwa Kingori, kwenye joto na malaria."

Kwa mara ya kwanza tangu ashuke basi, kijana akauliza swali. "Mlifanyaje, babu?"

Mzee akamsimulia kuhusu Kirilo Japhet, Mmeru aliyekwenda New York mwaka 1952 kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Nauli ilitokana na michango ya Wameru. Mwanasheria Earle Seaton alikuwa upande wake. Kura za Umoja wa Mataifa hazikutosha kuwarudishia ardhi mwaka ule, lakini Tanganyika nzima ilisikia, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 watu wa Meru hawakuhitaji kufundishwa maana ya mkutano.

"Na yeye alisafiri peke yake?" kijana akauliza.

"Kirilo? Alipoondoka, kila nyumba ya mlima huu ilijua amekwenda wapi na kusema nini."

Gari likafika. Vijana wakamwingiza nyuma, mguu ukiwa umefungwa kwa kanga ya yule mama, na mzee akapanda akaketi kando yake, maana habari ya kurudishwa kwa ardhi alikuwa bado hajaifikia.