Hatia ya Taa

Tosamaganga hakuna bahari. Tuko vilimani, nje kidogo ya mji wa Iringa, na maji makubwa tuyajuayo ni ya Ruaha Mdogo. Hata hivyo, msomaji wa visiwani asistaajabu nikimwandikia habari za ndege wa baharini, kwani ndege huyu naye kwao ni milimani.

Nilikutana naye katika makala ya Kiingereza niliyokuwa nikiitafsiri, kuhusu kisiwa cha Réunion. Anaitwa petreli wa Barau, na wataalamu walimpa jina hilo mwaka 1964. Maisha yake huyapitisha juu ya Bahari ya Hindi, wala hakanyagi nchi kavu isipokuwa kwa kuzaa. Wakati huo hupanda zaidi ya mita 2,000, kwenye majabali ya Piton des Neiges, akachimba shimo na kutaga yai moja tu kwa mwaka. Kinda hukua humo gizani. Ifikapo Aprili au Mei, hutoka usiku, peke yake. Hana mzazi wa kumwonyesha bahari iliko. Mimi niliyejisomea bila mwalimu, nikaifuata kila taa niliyoiona mbele yangu, nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Pwani ya Réunion sasa imejaa miji, bandari na viwanja vya mpira. Kinda huzifuata taa, akazizunguka hata akachoka, akaanguka barabarani. Miguu yake imekaa nyuma mno na mabawa yake ni marefu, hivyo aghalabu hawezi kuruka tena kutoka ardhi tambarare. Hubaki pale akingoja gari au paka. Usiku wa mbalamwezi huanguka wachache. Giza likikolea, huanguka wengi. Wavuvi wa dagaa wa Unguja na Pemba hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo, maana wao nao huipumzisha karabai mwezi unapokuwa mpevu.

Je, mwenye taa ana hatia?

Mvuvi anajua alitendalo: ameiwasha karabai ili dagaa waje. Lakini yule wa Réunion aliyewasha taa ya barazani hakumtegea ndege yeyote. Alitaka kumwona mgeni wake usoni. Wengi watamwachia huru kwa hoja kwamba pasipo nia hapana kosa. Jibu hilo lilinitosha kwa kurasa mbili hivi za tafsiri, kisha likaanza kunisumbua. Usiku wa kwanza ni ajali, nakubali. Asubuhi mtu huyo akamwokota ndege mlangoni, akaelezwa sababu. Usiku wa pili taa ni ileile, ila aliyeiwasha si yule wa jana. Kutojua kwake kumekwisha, na hawezi kukurudia hata akitaka.

Simaanishi kwamba taa zote zizimwe. Hapa kwetu kuna hospitali, na mama anayejifungua saa nane za usiku hawezi kuambiwa angoje mapambazuko kwa ajili ya ndege. Taa hiyo iwake, hata wakianguka kumi. Lakini tangazo la bia linalomulika barabara tupu saa hiyohiyo lina haja gani? Hapo pamebaki mazoea tu. Nami naona madhara yetu mengi yanatoka huko kwenye mazoea, ambako hakuna mtu mwovu wa kumnyooshea kidole.

Lugha yetu, labda, ililihisi jambo hili mapema. Rafiki yangu wa Pwani alinicheka siku moja kwa kuandika “mwanga ukaingia nyumbani”, akauliza kama wenye nyumba walisalimika. Bara tunalijua neno hilo kwa wema wake. Yeye alimfikiria mchawi anayewanga usiku. Nililibadilisha nikaandika “nuru”, na hadi leo sina hakika kama nilifanya vyema.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, watu wa Réunion hupunguza taa za miji yao kwa siku kadhaa katika msimu wa makinda kuruka. Wanaookota walioanguka huwatia katika maboksi, wakawapeleka kwa watunzaji, na walio wazima huachiwa wakaenda baharini. Nawasifu. Ila nadhani kumbeba ndege kifuani kuna utamu wake, na anayezima taa hapati utamu huo. Hatamwona ndege aliyepita salama juu ya paa lake.

Mvua za kwanza zilipoanyesha mwaka jana, kumbikumbi waliijia taa yetu ya nje. Mjukuu wangu aliweka beseni la maji chini yake, kama nilivyofanya mimi utotoni, akawa anawakusanya kwa ajili ya kikaango. Nilinyoosha mkono kwenye swichi.

“Babu, usizime, bado wanakuja!”

Sikuizima. Tuliwala usiku uleule, kwa chumvi.