Kuiga na Kuigwa: Filamu, Mavazi na Ngoma za Usiku katika Bukoba na Muleba

Kuna swali ambalo kila kizazi cha Watanzania kimelazimika kujiuliza tangu tulipopata uhuru wetu. Kijana anapoiona suruali katika filamu, akaenda kwa fundi kushonewa iliyo sawa nayo, akaivaa usiku wa Jumamosi na kucheza kama alivyomwona mwigizaji akicheza, je, kijana huyo ametenda kwa hiari yake, au ametendwa? Walio wengi hujibu upesi kwa methali isemayo kuwa mwacha mila ni mtumwa. Sisi hatuikanushi methali hiyo, lakini tunaona kuwa ni fupi mno kwa jambo lililo refu, na kwamba imetumiwa mara nyingi na watu wasiotaka kufikiri zaidi. Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Bukoba na Muleba, kwa sababu pande hizo zimeonja karibu kila aina ya uigaji, wa heri na wa shari, na pia zimewahi kuigwa.

Tuanze na kisa kisichohusu filamu hata kidogo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni ya Kashasha, yapata maili 25 kutoka Bukoba mjini, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikawashika na wenzao. Kufikia tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kushikwa, na shule ikafungwa. Waliporudishwa makwao, kicheko kilikwenda nao: katika kijiji cha Nshamba, Muleba, watu 217 walishikwa katika miezi ya Aprili na Mei. Wenyeji waliuita enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na wengine wakauita akajanja. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakupata sumu katika chakula wala mdudu katika damu. Walichokiona ni kwamba kila aliyeshikwa alikuwa amekutana na mwingine aliyekwisha kushikwa, na kwamba walimu na watu wazima wenye elimu hawakuguswa. Waliougua zaidi walikuwa vijana.

Watu wa nje wamekifanya kisa hicho kuwa cha kuchekesha. Hakikuwa hivyo. Wasichana wale walilia pia, walikimbia ovyo, na baadhi walikuwa wakali kwa waliojaribu kuwashika. Tunakitaja kwa sababu kinatuonyesha uigaji ulio mtupu kabisa, usio na bei wala faida, unaopita kutoka mwili hadi mwili bila ya kuomba ruhusa ya akili. Wale wanaowashutumu vijana wa disko huzungumza kana kwamba kila mtindo mpya ni akajanja nyingine. Lakini msichana wa Kashasha hakununua kicheko chake. Kijana wa disko alinunua suruali yake, akaipigia pasi, akajitazama katika kioo. Hapo katikati mna kuchagua, na palipo na kuchagua ndipo maadili yanapoanza.

Filamu zilitufikia kwa hatua. Pwani ilitangulia. Filamu ya Kihindi ya Awaara ya mwaka 1951, aliyoiongoza na kuigiza Raj Kapoor, ilijaza majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam, na mahadhi ya filamu za namna hiyo yakaingia katika taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa kuyatilia maneno ya Kiswahili. Katika miaka ya 1970 zikaja filamu za Marekani kama Shaft ya mwaka 1971, na kwa kitambo kifupi miji yetu ikajaa nywele za afro, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Bruce Lee alitupatia karate za uani. Kisha mwishoni mwa mwaka 1977 ikatoka Saturday Night Fever, ambamo John Travolta, kijana mwuza rangi dukani, anageuka kuwa mfalme kila akanyagapo sakafu ya disko.

Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo. Wakati dunia ikiicheza filamu hiyo, watu wa Kagera walikuwa wakikimbia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera mwaka huo huo. Kwa hiyo disko ilipofika Bukoba ilikuta watu waliotoka katika vita, maduka matupu, na mpaka wa Mutukula ambao magendo yalikuwa yakipita mchana na usiku. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Dirisha la kijana wa Muleba lilikuwa kanda ya video, iliyochezwa katika chumba chenye mabenchi, jenereta ikinguruma nje. Humo wakamwona Mithun Chakraborty katika Disco Dancer ya mwaka 1982, na baadaye vijana wa New York wakizungukia vichwa vyao katika Beat Street ya mwaka 1984.

Wengi husema kuwa filamu huuza nguo. Sisi twaona kuwa nguo peke yake haina nguvu hiyo. Shati lililotundikwa dukani ni kitambaa tu. Filamu humwonyesha mtazamaji shati likiwa mwilini mwa mtu anayependwa, chini ya taa, katika ukumbi ambao kila mtu amegeuka kumtazama, na muziki unamwambia ni lini anyanyue mguu. Vitu vitatu hivyo, yaani vazi, ukumbi na wimbo, hufika pamoja, na ukikipata kimoja huna raha mpaka upate na viwili vilivyobaki. Ndiyo maana mtindo wa nguo ulipoingia, na kumbi nazo zilizaliwa; hata watoto wakapata disko toto zao za alasiri.

Tena uigaji huo ulikuwa kazi. Fundi cherehani wa barazani, ambaye huenda hakuiona filamu yenyewe, alishona kwa kusimuliwa, na kola aliyosimuliwa kuwa ni kubwa akaifanya kubwa zaidi, ikawa mbawa za kunguru. Huko Uganda, na baadaye Dar es Salaam kwa watu kama Mukandala aliyeitwa Lufufu, walitokea wafasiri waliosimama kando ya mashine na kuisimulia filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji, wakitia methali, mizaha na maonyo ambayo mwenye filamu hakuyawazia. Mtu anayefanya hivyo hawezi kuitwa mtumwa wa anachokitazama.

Taifa letu limekwisha kujaribu kuujibu uigaji kwa amri. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza dansi za Kizungu kuliko gombe sugu au kiduo, na masikitiko yake yalikuwa ya haki, kwa maana mkoloni alikuwa ametufundisha kuona haya. Lakini mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, mambo yalikwenda kombo. Hata kabla ya siku hiyo, wasichana walikwisha kushambuliwa hadharani Kariakoo. Kuhusu krimu tunakubali bila masharti, kwa kuwa zinaiunguza ngozi. Lakini anayemvunjia binti heshima yake barabarani ili kuulinda utamaduni ameulinda utamaduni gani? Na tukumbuke kwamba kanzu yenye koti juu yake, ambayo bwana harusi wa Kihaya huivaa akiamini kuwa ni ya mababu, ililetwa na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Mababu wenyewe walivaa ngozi na magome ya miti. Bila shaka alikuwapo mzee aliyetikisa kichwa alipomwona kijana wa kwanza ndani ya kanzu.

Je, basi hakuna uigaji mbaya? Upo, na huko Kagera una jina lake. Huitwa butura. Mwenye shida ya fedha huiuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei iliyo chini kabisa, na msimu wa buni unapofika huchuma mali ya mtu mwingine katika kibanja chake mwenyewe. Wengi huingia katika butura kwa sababu ya ugonjwa au karo ya shule, nasi hatuwezi kuwalaumu. Lakini tumewafahamu waliouza maua ya mibuni kwa ajili ya viatu na usiku miwili mitatu ya kung'aa ukumbini. Mke alipalilia, watoto walibeba maji, na jasho lao likaishia katika kola. Kosa la mtu huyo si kumwiga Travolta. Hata angaliyauza maua hayo ili anunue ngoma ya jadi, kosa lingekuwa lile lile: ameigharimia furaha yake kwa mali ya wengine bila ya kuwauliza. Tunapendekeza kipimo hiki kitangulie kile cha asili ya nguo, ingawa tunajua kina ugumu wake. Nani amelipa? Je, aliulizwa?

Ugumu wenyewe ulidhihirika upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa biashara ya mpakani walileta kitambaa na mashati yaliyopendwa sana, yaliyoitwa Juliana. Aliyevaa Juliana alionekana kuwa ni mtu mwenye fedha, na alipendwa. Muda si muda baadhi ya wafanyabiashara hao walianza kukonda na kufa, na watu wakauita ugonjwa huo kwa jina la shati: Juliana. Wengine walidai kuwa Waganda waliodhulumiwa katika biashara wamewaroga. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika Tanzania walipatikana Kagera, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa.

Tumelifikiri sana jina hilo. Lilikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa njia ya shati na njia ya ugonjwa zilikuwa moja: fedha za ghafla, safari, vyumba vya wageni, usiku. Lakini liliwapa watu kitu cha kukichukia kilichokuwa rahisi mno. Mwenye kulilaumu shati hakuuona ugonjwa ukimfuata aliyevaa kanzu, wala mke aliyekaa nyumbani na hakuwahi kuikanyaga sakafu ya disko. Yeye alilipa bei iliyo kubwa kuliko zote, wala hakuulizwa. Makaburi katika vibanja vya Bukoba na Muleba hayakubagua mavazi, na mabibi waliobaki kuwalea wajukuu hawakuwa na nafasi ya kujadili mitindo.

Imebaki upande wa kuigwa, ambao wanaolilia mila husahau kuutaja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliimba Maria Salome kwa Kihaya na kwa mdundo wa kwao, na kanda yake ikapigwa katika kumbi, mabasi na harusi za nchi nzima. Tuliwaona vijana wa Temeke, wasiojua neno moja la Kihaya, wakitikisa mabega kama wachezaji wake na kuiga matamshi wasiyoyaelewa. Hakuna aliyeandika gazetini kuwa wametekwa na Wahaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliufufua wimbo huo kwa jina la Salome, pamoja na picha za video zilizotazamwa mbali sana na Ziwa Viktoria. Wapo vijana wa Kihaya waliozaliwa Dar es Salaam, ambao wazazi wao hawakuwafundisha lugha ya nyumbani, waliopata kutoka wimbo huo maneno yao ya kwanza ya Kihaya. Waliyatamka vibaya, kama vile yule fundi wa barazani alivyoikosea kola, na waliporudi likizoni Muleba bibi zao waliwaketisha chini wakawasahihisha.